Fungua Folda ya Taka Kabla ya Chai

Notisi ya kuwasili kwa kontena iliingia saa tatu na dakika kumi asubuhi, siku ya Jumanne. Niliiona Jumatano ya wiki iliyofuata, tena baada ya mteja kunipigia simu akifoka, mzigo wake uko wapi. Ilikuwa imelala kwenye folda ya barua taka. Juu yake palikuwa na tangazo la dawa za kupunguza unene, chini yake mtu nisiyemjua ananiuzia dhahabu. Siku za bure zilikuwa zimekwisha, storeji, yaani ada ya kuweka mzigo bandarini, inahesabiwa kwa dola kila kukicha, na demareji, yaani tozo ya wenye kontena kwa kuchelewesha kontena lao, inafuata nyuma. Ofisi yetu ya uwakala wa forodha, hapa Dar es Salaam, ililipa gharama ile yote, maana mteja hakuwa na kosa. Wenye meli nao hawakuwa na kosa. Walituma notisi na ushahidi wanao, kwa saa na dakika.

Tangu siku ile nimejifunza jinsi kichujio cha barua kinavyofanya kazi, na ninayoandika hapa ni yale ninayomwambia kila kijana anayeanza kazi ofisini kwetu. Huhitaji kuwa fundi wa kompyuta. Unahitaji kujua mambo machache na kuwa na zoea moja la asubuhi.

Kichujio ni mlinzi wa getini. Anaweza kukosea kwa namna mbili: ampitishe mwizi, au amrudishe mgeni wa haki. Watu wengi wanahangaika na kosa la kwanza tu, wanataka taka ziishe kabisa machoni pao, na mlinzi anavyozidi kukazwa ndivyo anavyozidi kurudisha wageni. Kwa barua za nyumbani hilo si neno. Kwa barua za kazini, taka kumi zilizopita getini zinakupotezea dakika moja ya kufuta, ilhali barua moja ya mteja iliyozuiwa inaweza kukupotezea mteja mwenyewe. Ukilielewa hilo, maamuzi mengine yote kuhusu kichujio chako yanakuwa rahisi.

Kwa nini barua nzuri inazuiwa

Ofisi nyingi ndogo hununua domeni, yaani jina lile linalofuata alama ya @, pamoja na nafasi kwenye seva inayotumiwa na wateja wengi. Huko, mara nyingi mchujaji ni programu iitwayo SpamAssassin, ambayo ipo tangu 2001. Inasahihisha barua kama mwalimu anayehesabu makosa badala ya majibu sahihi. Kichwa cha barua kimeandikwa kwa herufi kubwa tupu, alama kidogo. Seva iliyotuma imo kwenye orodha ya seva zenye sifa mbaya, alama nyingi. Barua yote ni picha, haina maneno, alama nyingine. Jumla ikifika 5, ambacho ndicho kiwango cha kawaida cha programu hiyo, barua inabandikwa jina la taka.

Sasa itazame notisi yetu kwa macho ya mlinzi huyo. Imetumwa na mashine, si mtu. Kichwa ni herufi kubwa mwanzo hadi mwisho, pamoja na namba ndefu. Haina salamu, haina jina langu, ina kiambatisho na maneno mawili matatu ya haraka kuhusu malipo. Hakuna aliyefanya hila hapo, ni alama ndogo ndogo zilizojumlika.

Gmail na Outlook wana njia pana zaidi, nazo zinajifunza. Mwaka 2002 mtaalamu wa programu Paul Graham aliandika makala akishauri kwamba, badala ya kumpa mlinzi orodha ya sheria, tumwonyeshe barua nzuri na barua mbaya za mtu mwenyewe, kisha apime kila neno uwezekano wake wa kutokea huku au kule. Wazo hilo lilienea, na matokeo yake ndiyo haya: kila unapobonyeza kitufe cha kuripoti taka, au kile cha kusema hii si taka, unamfundisha mlinzi. Usipobonyeza kitu, unamwacha abahatishe.

Jua kwanza taka zako zinakaa wapi

Jambo hili linaonekana dogo, lakini hapa ndipo nilipokuta matatizo makubwa kuliko kote. Uliza watu watano ofisini folda yao ya taka iko wapi, na utashangaa.

Kama barua zako zinaingia kwenye programu ya Outlook iliyo ndani ya kompyuta, chunguza akaunti ilivyounganishwa. Ikiwa imeunganishwa kwa njia ya POP, kompyuta yako inachukua yaliyomo kwenye kikasha kikuu peke yake. Folda ya taka iliyoko kwenye seva haishuki kamwe. Unaweza kufanya kazi miaka mitatu ukiamini hupati taka kabisa, kumbe zimerundikana kule, na barua za watu wa maana zimo. Mama mmoja wa ofisi ya jirani, anayeshughulika na mizigo ya transiti, alinikaribisha nimtazamie. Tulipofungua barua zake kwa njia ya kivinjari, tukaingia folda iliyoandikwa Spam, alinyamaza kimya. Kulikuwa na barua zaidi ya elfu moja. Ya juu kabisa ilikuwa ya dereva wake aliyekwama mpakani Tunduma akiomba nakala ya hati, na ilikuwa ya wiki mbili nyuma. Mwombe fundi wako akubadilishie akaunti iwe ya IMAP, ili folda zote zionekane kwenye kompyuta na kwenye simu. Ni kazi ya nusu saa, lakini kabla hajaanza hakikisha amehifadhi nakala ya barua zako za zamani.

Kama ofisi yenu inatumia Microsoft 365, mageti ni zaidi ya moja. Ipo folda ya Junk Email unayoiona, na ipo karantini usiyoiona, ambako barua zilizotiliwa shaka kubwa zaidi huzuiliwa kabla hazijakufikia. Huenda unapokea taarifa kwamba una barua zilizozuiliwa, ukaidhani nayo ni taka. Muulize msimamizi wa mfumo wenu maswali mawili: karantini yetu inafunguliwa wapi, na barua inakaa humo siku ngapi kabla haijafutwa?

Na popote ulipo, hakikisha kwamba hakuna aliyewasha agizo la kufuta taka papo hapo. Outlook ya kwenye kompyuta ina kisanduku cha namna hiyo, na paneli nyingi za seva za kukodi zinacho pia. Kikiwa na alama ya tiki, kiondoe leo. Barua iliyozuiliwa unaweza kuitoa, iliyofutwa unaishia kuomba radhi.

Dakika tano za asubuhi

Mimi hufungua folda ya taka kabla ya chai ya saa nne. Nimechagua saa hiyo kwa sababu barua za usiku kutoka Guangzhou na Dubai zimeshaingia, na zile za asubuhi za hapa nyumbani zimeanza. Wewe chagua saa yako kulingana na watu unaofanya nao kazi, lakini iwe saa moja ile ile kila siku ya kazi. Gmail hufuta yenyewe barua ya taka iliyofikisha siku 30, na mifumo mingine ina muda wake, kwa hiyo anayesubiri mwisho wa mwezi anacheza na moto.

Usifungue barua moja moja. Pitisha macho kwenye jina la mtumaji na kichwa cha barua, basi. Ukizoea, taka unazijua kwa umbo lake, kama unavyomjua mtu kwa mwendo kabla hujamwona uso. Siku taka zikiwa nyingi, tumia kitafutio. Kwenye Gmail andika in:spam halafu neno unalotaka, kwa sababu utafutaji wa kawaida haugusi folda ya taka. Mimi hutafuta vitu vitatu: jina la mteja ninayemsubiri, namba ya hati ya shehena, na zile herufi nne za mwanzo wa namba ya kontena. Wewe wa hoteli tafuta neno la kuhifadhi chumba. Wewe wa shule, tafuta ada na nafasi za masomo. Mhasibu atafute ankara, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza.

Ukipata barua nzuri humo, usiisome ukaiacha pale pale. Bonyeza kitufe cha kusema si taka, ihamie kwenye kikasha. Kisha mwingize mtumaji kwenye orodha ya majina yako. Na kama ni kampuni inayokuandikia kutoka anwani nyingi, leo idara hii, kesho ile, tengeneza kichujio cha domeni yao nzima na uchague agizo la kutoipeleka kamwe kwenye taka. Kwenye Outlook kazi hiyo hufanywa na orodha ya watumaji salama. Nilifanya hivyo kwa kampuni zote za meli tunazoshughulika nazo, mchana mmoja wa Ijumaa, na sijajuta.

Lakini orodha hiyo ina miiko miwili. Usiweke ndani yake domeni za umma kama gmail.com au yahoo.com, maana utakuwa umefungulia geti dunia nzima. Na usiweke domeni ya ofisi yako mwenyewe. Mtu akisikia hivi hushangaa: vipi nisiwaamini wenzangu? Ni kwa sababu jina la mtumaji ni rahisi kughushi, na tapeli anayetaka kukudanganya huanza kwa kujifanya bosi wako. Ukishamwambia mlinzi kwamba kila mwenye jina la ofisi apite bila kuulizwa, tapeli amepata vazi la kuvaa.

Taka, matangazo, na hadaa havifanani

Taka ya kwanza inayojulikana ilitumwa Mei 1978. Gary Thuerk, muuzaji wa kampuni ya kompyuta ya Digital Equipment Corporation, aliwaandikia watu karibu 400 wa mtandao wa ARPANET kwa mpigo mmoja, kuwatangazia mashine mpya. Alilalamikiwa sana. Lakini baadaye alisema pia kwamba aliuza. Ndiyo maana taka haziishi: kati ya maelfu wanaokasirika, wapo wachache wanaonunua.

Kwa hiyo usipoteze muda kumzuia mtumaji mmoja mmoja wa taka za mitaani. Kesho atakuja na anwani nyingine, na orodha yako ya waliozuiwa itajaa majina ambayo hayatatumika tena. Ripoti barua kuwa ni taka, nenda zako. Kuzuia kunamfaa mtu halisi anayekusumbua kutoka anwani ile ile.

Matangazo ni jambo jingine. Hoteli uliyolala mara moja, semina uliyojiandikisha, duka la vifaa vya ofisi: hawa walipata anwani yako kwa njia inayoeleweka, na barua yao ina kiungo cha kujiondoa. Kitumie. Ukiwaripoti kuwa taka wakati unaweza kujiondoa, unaharibu sifa ya mtu ambaye pengine anajitahidi kufuata taratibu. Tangu mwaka 2024 Google na Yahoo wanawadai watumaji wa barua nyingi waweke njia ya kujiondoa kwa kubofya mara moja, na malalamiko ya taka dhidi yao yasifike 0.3%. Malalamiko matatu katika barua elfu moja yanatosha kuwatia matatani.

Kwa barua ambayo hujui ilikotoka, kiungo cha kujiondoa usikiguse. Ukibofya, unamthibitishia mtumaji kwamba nyuma ya anwani hii kuna mtu anayesoma. Picha nazo ni vivyo hivyo: picha ndogo isiyoonekana inaweza kumjulisha kwamba umeifungua barua. Zima upakuaji wa picha kutoka kwa watumaji usiowajua.

Na kampuni ya hapa hapa nchini isiyotaka kukusikia ukiiambia basi, iandikie sentensi moja ya adabu. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Tanzania ya mwaka 2015 inataka mtumaji wa matangazo awe na ridhaa yako, ajitambulishe na akupe njia ya kukataa. Nchini Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 nayo inadai ridhaa kwa taarifa za mtu zinazotumika kibiashara. Mara zote mbili nilizoitaja sheria kwa jina, barua zilikoma siku hiyo hiyo.

Hadaa ndiyo inayoninyima usingizi. Hii haina sura ya taka. Inakuja kwa Kiingereza safi au Kiswahili safi, inataja mzigo wako halisi, wakati mwingine inajibu chini ya mazungumzo yale yale mliyokuwa nayo, kwa sababu mmoja wenu ameshaibiwa nywila. Inasema jambo moja: akaunti yetu ya benki imebadilika, tafadhali malipo ya safari hii yapeleke huku. Kituo cha FBI cha Marekani kinachopokea malalamiko ya uhalifu wa mtandaoni kiliorodhesha hasara ya takriban dola bilioni 2.9 kwa mwaka 2023 kutokana na utapeli wa barua za kibiashara wa namna hii.

Mlinzi hawezi kukusaidia sana hapo, maana barua hii haina kasoro za kuhesabu. Angalia anwani yenyewe herufi kwa herufi, si jina linaloonyeshwa. Herufi r na n zikikaribiana husomeka kama m, na jicho lililochoka haling'amui. Bonyeza kujibu bila kutuma, uone jibu linaelekea anwani gani. Kisha piga simu, kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani, wala si ile iliyoandikwa kwenye barua. Ofisini kwetu hakuna anayebadilisha akaunti ya malipo bila simu hiyo, hata mkurugenzi akiwa ameandika kwamba ni haraka. Hasa akiwa ameandika kwamba ni haraka.

Barua zako nazo zinazuiwa kwingine

Umetuma ankara ya profoma, mteja kimya. Ukimpigia anasema hajaona kitu. Usimwite mwongo, mwombe atazame folda yake ya taka. Ikiwa imo, tatizo liko kwako.

Fanya jaribio hili leo. Tuma barua kutoka anwani ya kazini kwenda kwenye akaunti yako binafsi ya Gmail. Ifungue kwa kompyuta, bofya vile vidoti vitatu pembeni, uchague kuona barua ya asili. Juu utaona mistari mitatu: SPF, DKIM na DMARC. Kila mmoja unatakiwa kuwa na neno PASS. SPF ni orodha ya seva zilizoruhusiwa kutuma kwa jina la domeni yenu. DKIM ni mhuri ambao seva huigongea kila barua, ili ikichezewa njiani ijulikane. DMARC ni agizo kwa mpokeaji: barua yenye jina letu ikishindwa kujithibitisha, ipokee, itenge, au ikatae.

Mstari mmoja ukikosekana au ukishindwa, piga picha ya skrini umpelekee fundi aliyewasajilia domeni. Huna haja ya kujua zaidi ya hapo, ila mkumbushe kitu ambacho mafundi husahau: mfumo wa uhasibu unaotuma ankara wenyewe, na mashine ya kuskani inayotuma nakala kwa barua pepe, navyo viingizwe kwenye orodha. Kwetu barua za watu zilikuwa zinafika vizuri, ankara zikawa haziendi, na tulidhani wateja ni wakaidi wa kulipa.

Mwisho, ile anwani ya info@ iliyo kwenye mabango na kwenye gari la ofisi. Kwa kuwa imeanikwa hadharani ndiyo inayopokea taka nyingi kuliko zote, na ndiyo anayoitumia mteja mpya asiyemjua mtu yeyote kwenu. Muulize meneja wako nani anafungua folda ya taka ya anwani hiyo. Jibu likiwa "sisi sote", ujue hafungui mtu. Mpeni mmoja kazi hiyo kwa jina, na wa pili wa kumshikia akienda likizo.

Kwetu ni mimi, kwa mwezi huu. Leo asubuhi kulikuwa na barua kumi na moja. Kumi nilizijua kwa mwendo. Moja ilitoka Lubumbashi, kwa anwani ya bure, kichwa kwa Kifaransa, ndani Kiswahili cha kule: mtumaji ana makontena mawili ya vipuri vya malori, anauliza gharama ya kuyatoa bandarini hadi Kasumbalesa, na kama tunaweza kumjibu mapema. Nilibonyeza si taka, nikampigia kwanza kwa namba aliyoiacha nihakikishe ni mtu kweli, kisha nikamtumia bei. Chai ilikuwa bado haijaletwa.